Usiache Njiani: Maneno kwa Wanaopewa Dawa ya Kansere Katika Mushipa

Ndugu musomaji, labda unasoma maneno haya ukikaa kando ya kitanda cha mutoto wako. Labda munganga amekuambia leo kwamba uvimbe ule katika taya ya mutoto ni kansere, na kwamba atampa dawa ya kupitisha katika mushipa wa damu. Umesikia jina gumu. Umeona kichupa kidogo chenye dawa inayofanana na maji safi. Nawe umejiuliza moyoni: "Dawa hii itamuponyesha mutoto wangu, ao itamuua?"

Ulizo lako ni zuri, nawe unastahili kupewa jibu. Watu wengine wanasema kwamba mugonjwa hapaswi kujua mambo ya dawa. Kazi yake ni kunyoosha mukono tu na kunyamaza. Mimi nakataa neno hili. Juu ya dawa zingine labda haidhuru sana. Lakini juu ya dawa hii, mugonjwa asiyejua kitu yuko katika hatari mbili. Hatari ya kwanza: hatasema upesi wakati dawa inapomuumiza. Hatari ya pili, nayo ni kubwa zaidi: atarudi nyumbani mbele ya kazi kwisha. Basi, soma pole pole. Kama kuna mutu kandoni mwako asiyejua kusoma, umusomee.

Uvimbe huu unatoka wapi?

Kwanza tuondoe neno la ulozi. Katika inchi zetu za joto na mvua, watoto wengine wanashikwa na kansere inayoanza mara nyingi katika taya ao ndani ya tumbo. Wengi wao wana miaka minne mupaka saba. Meno yanalegea, shavu linavimba, jicho linasukumwa inje. Jamaa wanakusanyika na kuulizana: "Nani amefanya hivi?" Kisha wanamutafuta bibi muzee mumoja wa kumushitaki. Wengine wanamupeleka mutoto kwa mutu wa kungoa meno, ao wa kuchanja uvimbe kwa wembe. Siku zinapita, na uvimbe huu haungoji. Ni kansere inayokua upesi kuliko karibu kansere zote zingine za watu.

Mwaka wa 1957, munganga mupasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago kule Kampala alionyeshwa mutoto mwenye uvimbe katika taya zote, juu na chini, kuume na kushoto. Alishangaa, akaanza kuandika habari za watoto wengine wa namna ile. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa motokari majuma kumi, kutoka Uganda mupaka Afrika ya Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Alifuatana na wenzake wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu Williams alikuwa munganga wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mupaka wa Congo yetu. Waliona kwamba ugonjwa unapatikana sana katika inchi za chini zenye joto na mvua, lakini ni mara chache katika milima yenye baridi.

Leo tunajua kwamba kuna kijidudu kidogo sana, kinachoitwa virusi, kilichoonekana mwaka wa 1964 katika uvimbe wa watoto hawa. Tunajua tena kwamba malaria inayorudi rudi inadhoofisha ulinzi wa mwili wa mutoto na kufungulia ugonjwa mulango. Basi, bibi yako hana kosa. Shangazi yako hana kosa. Usipoteze hata siku moja kwa kumutafuta mulozi.

Dawa iliyotoka katika ua

Jina la dawa ninayotaka kusema habari zake ni vinkristini. Mara nyingi inapewa pamoja na dawa zingine, kama ile inayoitwa siklofosfamidi. Haitumiki kwa uvimbe wa taya peke yake. Wanganga wanaitumia tena kwa kansere ya damu, kwa kansere ya figo ya watoto wadogo, na kwa ile kansere ya ngozi inayoitwa Kaposi.

Labda utashangaa kusikia kwamba umekwisha kuuona mumea wake. Ni ua dogo la Madagaska, lenye majani matano, rangi yake nyekundu-nyeupe ao nyeupe kabisa, linalopandwa mbele ya nyumba katika inchi nyingi za joto. Watu wa zamani walichemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Canada na Marekani walitaka kujua kama jambo hili ni kweli. Hawakupata dawa ya sukari. Walipata kitu kingine: maji ya majani yale yalipunguza chembe nyeupe za damu. Wakafikiri, "Kansere ya damu ni kuzidi kwa chembe nyeupe. Basi tujaribu." Namna hiyo zilipatikana dawa mbili, na moja yao ni vinkristini, ambayo serikali ya Marekani iliruhusu itumiwe mwaka wa 1963.

Sasa sikiliza vema. Usikimbie inje kuchuma maua yale na kuyachemsha! Katika tani nzima ya majani makavu wataalamu wanapata gramu chache tu za dawa hii. Na mutu muzima, kwa sindano moja, mara nyingi hapewi zaidi ya miligramu mbili. Miligramu mbili ni kitu kidogo sana. Munganga anapima urefu na uzito wa mugonjwa mbele ya kukata kipimo. Wewe jikoni utapima kwa kitu gani? Majani yale yana sumu nyingine nyingi pamoja, nayo yanaweza kuharibu mwili bila kuponyesha kansere hata kidogo.

Inafanya kazi namna gani?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe moja inapotaka kuzaa, inajigawanya kuwa mbili. Ndani yake kunafanyika nyuzi kama kamba, zinazovuta sehemu moja huku na sehemu ingine kule. Vinkristini inazuia kamba hizi zisijengwe. Chembe inaanza kujigawanya, inashindwa, inakufa.

Chembe za kansere zinajigawanya bila kupumzika, kwa hiyo zinakufa kwa wingi. Lakini kuna chembe zingine njema zinazojigawanya upesi, kama zile za mizizi ya nywele. Nazo zinapigwa. Na katika mishipa ya fahamu kuna nyuzi za namna ile ile. Kwa hiyo mishipa hii nayo inaumia. Ni kama kulima shamba la maharagi lililojaa magugu: jembe linakata magugu, lakini majani mengine ya maharagi yanakatika pia. Hatuachi kulima juu ya hayo. Lakini mulimaji mwenye akili anaangalia jembe lake linapopita.

Siku ya sindano

Mbele ya dawa ya kwanza, munganga anaweza kumuwekea mutoto serumu na kumupa vidonge vya kulinda figo. Wazazi wengine wanakasirika: "Tumekuja kwa dawa ya kansere, wanatupa maji!" Usikasirike. Uvimbe huu unaweza kuyeyuka kwa siku chache, na takataka zake zote zinaingia katika damu. Figo zisipooshwa kwa maji mengi, zinaweza kuziba. Maji yale ni sehemu ya dawa.

Kisha sindano yenyewe. Hapa kuna mambo mawili ninayotaka uyashike kwa nguvu.

La kwanza: dawa hii ni ya mushipa wa damu tu. Ikitoka inje ya mushipa na kuingia katika nyama ya mukono, inaunguza na kufanya kidonda kibaya. Basi mutoto akilia kwamba mukono unawaka moto, ao ukiona ngozi inavimba pale sindano ilipo, ita muuguzi mara moja. Usiseme, "Tungoje kidogo, isije ikawa tunamusumbua." Usisugue pale. Usingoe sindano wewe mwenyewe, kwa kuwa muuguzi anaweza kuitumia kuvuta dawa iliyomwagika. Na usiweke barafu. Kwa dawa hii wanganga wanaweka kitambaa cha joto.

La pili ni zito zaidi. Watoto wengine wanapewa dawa ingine ya kansere katika mugongo, karibu na uti, kwa kulinda ubongo. Dawa ile ni ingine, si vinkristini. Vinkristini ikiingizwa mugongoni kwa kosa, inaua. Kosa hili limefanyika mara kadhaa katika inchi mbalimbali, hata katika inchi tajiri zenye hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2007, Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba vinkristini ichanganywe katika mufuko mudogo wa serumu, isiwekwe katika bomba la sindano, ili mutu asiifananishe na dawa ya mugongo. Wewe muzazi unaweza kuuliza kwa heshima: "Muuguzi, tafazali, dawa hii jina lake ni nani? Ni ya mushipa ao ya mugongo?" Muuguzi mwema hatakasirika. Mimi nasema zaidi: muuguzi anayekasirika kwa ulizo hili, yeye ndiye anayepaswa kuulizwa zaidi.

Tena, mwambie munganga dawa zote ambazo mugonjwa anameza: za Ukimwi, za kifafa, za kifua kikuu, za kuvu ya kinywa, hata za majani. Zingine zinazidisha nguvu ya vinkristini kupita kipimo, zingine zinaipunguza. Mama mwenye mimba aseme mapema, naye anayenyonyesha aseme pia. Kuficha hakumusaidii mutu.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Nywele zinaweza kuanguka. Hii inawahuzunisha wengi, zaidi sana wasichana. Lakini zitaota tena dawa zikiisha. Mufungie kitambaa kizuri, na uwakataze watoto wengine wasimucheke.

Choo kinaweza kukauka. Vinkristini inalegeza kazi ya matumbo. Mugonjwa anywe maji mengi, ale papai, sombe na maharagi kama anaweza, na ameze dawa ya kulainisha choo kama munganga amemupa. Kama siku tatu zimepita bila choo, ao tumbo linauma na kuvimba, ao anatapika, rudi hospitali. Najua desturi yetu: mutoto akifunga choo, bibi anachemsha majani na kuyaingiza kwa nyuma. Kwa mutoto anayepewa dawa za kansere, tafazali, msifanye hivi! Ulinzi wa mwili wake umepunguka, na mukwaruzo mudogo ndani ya utumbo unaweza kuingiza vijidudu katika damu na kumuua.

Vidole vya mikono na miguu vinaweza kufa ganzi ao kuchoma choma. Mutoto anashindwa kufunga vifungo vya shati, ao anakokota miguu, ao anajikwaa bila sababu. Taya nayo inaweza kuuma kwa siku chache. Usimupige kwa uvivu. Mwambie munganga, naye ataangalia kama inafaa kupunguza kipimo. Mara nyingi ganzi hii inapunguka pole pole kwa miezi, dawa zikiisha.

Homa ni jambo kubwa kuliko yote. Dawa zinazofuatana na vinkristini zinapunguza askari wa damu. Kama kipimo cha joto kinaonyesha 38 ao zaidi, ao mutoto anatetemeka kwa baridi, njoo hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Usianze kwa vidonge vya malaria na kungoja siku tatu. Mugonjwa mwingine anaweza kungoja hivyo, huyu hawezi.

Mutu anayeosha matapishi, mukojo ao choo cha mugonjwa katika siku mbili tatu za kwanza kisha sindano, avae mipira ya mikono na kunawa kwa sabuni, kwa maana dawa inatoka mwilini kwa njia hizo. Lakini kumukumbatia mutoto si hatari, kula pamoja naye si hatari. Kansere haiambukizi kwa kugusana.

Hatari ya kuachia njiani

Sasa nimefika kwa neno lililonifanya niandike ukurasa huu.

Fikiri mutoto aliyekuja na taya kubwa kama chungwa. Anapata sindano ya kwanza. Juma moja linapita, na uvimbe umepungua nusu. Kisha sindano zingine kidogo, na uso wake umerudi kama zamani. Anakula fufu, anacheza mupira katika uwanja wa hospitali. Baba anamutazama na kusema, "Amepona. Twende nyumbani. Shamba limejaa majani, mbuzi wamekwisha kwa kulipa hospitali." Muuguzi anamusihi, lakini asubuhi kitanda ni kitupu.

Je, baba huyu ni mutu mubaya? Hapana. Anapenda mutoto wake. Macho yake yamemudanganya. Uvimbe unaoonekana umekwisha, lakini chembe zisizoonekana zimebaki, kama mizizi ya nyasi mbaya chini ya udongo. Kisha miezi michache taya inavimba tena, ao tumbo, ao miguu inalegea kwa sababu kansere imeingia katika uti wa mugongo. Mara nyingi uvimbe uliorudi hauogopi dawa kama ule wa kwanza. Katika inchi tajiri, karibu watoto tisa katika kumi wenye kansere hii wanapona. Katika inchi zetu wanaopona ni wachache kuliko hapo. Ni kwa sababu wanakuja wakichelewa, na dawa zingine hazipatikani. Lakini ni tena kwa sababu wengi wanaacha njiani. Sababu hii ya mwisho ni ile ambayo sisi wenyewe tunaweza kuibadilisha.

Sitakudanganya, ndugu. Si kila mutoto anayemaliza dawa anapona. Wengine wanakufa hata kama kila mutu amefanya kazi yake vema. Lakini kumaliza kunampa njia nzuri ya kupona, na kuacha njiani kunaharibu njia hiyo. Kabla ya kuanza, uliza munganga: "Sindano ngapi? Majuma mangapi? Bei yote ni kiasi gani?" Andika majibu. Mutu asiyejua urefu wa safari hawezi kupima chakula cha njiani.

Wengine watakuambia kwamba mwenye kuamini hahitaji sindano, na kwamba kuendelea na dawa ni kuwa na mashaka. Ninajibu kwa neno moja: mutu anayeomba kwa ajili ya mavuno bado analima. Omba, na umalize sindano.

Ulizo kwa kanisa

Sasa nageuka kwenu, wakristo ambao hamna mugonjwa nyumbani. Ni rahisi kumulaumu baba aliyetoroka usiku. Lakini nani alilima shamba lake alipokaa hospitali miezi miwili? Nani aliwapikia watoto wake wengine? Nani alimupa feza ya motokari ya kurudi kwa sindano ya nne? Tunajua kukusanya feza za jeneza kwa siku moja. Kwa nini tunashindwa kukusanya feza za sindano wakati mutoto yungali anacheza mupira?

Mimi naona kwamba katika kila kanisa wamama na mashemasi wangeweza kufanya hivi: kuandika siku za sindano za mugonjwa wao katika kitabu, kuuliza juma kwa juma kama amekwenda, kumupatia njia kama hana, na kupeleka watu wawili kulima shamba lake. Haihitaji feza nyingi. Inahitaji mutu mumoja mwenye kukumbuka.

Nawe unayesoma kando ya kitanda, kesho munganga akipita, uliza maulizo yako. Ujue jina la dawa. Ujue siku ya sindano inayofuata. Na siku ile utakapouona uso wa mutoto wako umerudi kama zamani, furahi, cheka naye, ukae palepale mupaka sindano ya mwisho.